Kisanduku cha Maana: Kutoka Oysterbay hadi Nakapanya

Jumatatu, Oysterbay

Safari hii imezaliwa na fomu. Ninasaidia kuandaa maonyesho madogo ya wachoraji na wachongaji, na kila msanii alipewa karatasi ya kujaza: jina, jina la kazi, vipimo, malighafi, bei, na chini kabisa kisanduku kipana kinachosema "Eleza maana ya kazi yako na kilichokusukuma kuifanya." Fomu zimerudi. Sehemu ya bei imejazwa kwa mwandiko mzuri kabisa. Kisanduku cha chini ama kitupu, ama kina "utamaduni wetu", ama "amani na upendo". Mmoja ameandika "tazama picha". Nilicheka, lakini siwezi kubandika maneno hayo pembeni ya picha ambayo mtu tayari anaitazama. Nikaona heri niwafuate wenyewe, nianzie hapa mjini kisha nishuke kusini, ambako sehemu kubwa ya sanaa inayouzwa Dar es Salaam ina asili yake.

Nimeanza na wachoraji wa Tingatinga, jirani na Morogoro Stores. Harufu ya rangi ya mafuta inakupokea kabla ya watu. Wamekaa sakafuni na kwenye vigoda, fremu mapajani, kila mmoja na makopo yake, redio moja ikiwatosha wote. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga na vibarua vya mjini, alianza kuchora mwaka 1968 kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi zinazong'aa za kupakia baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayetoroka, akafa. Kwa hiyo mtindo mzima unaojaza maduka ya watalii hadi leo umetokana na miaka 4 hivi ya kazi ya mtu mmoja. Ndugu na jamaa aliokuwa akiwafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika.

Mchoraji aliyekubali kuongea nami alikuwa akiweka vitone kwenye shingo ya twiga. Nikamwuliza maana ya picha. Hakuinua macho. "Wanyama wetu, dada. Utalii. Amani."

Majibu hayo yameshauzwa mara nyingi, na anayeyatoa hayasikii tena. Nikabadilisha swali. Nikamwomba anioneshe kitu kimoja kwenye picha ile ambacho angekasirika kama mtu mwingine angekigusa.

Hapo brashi ikawekwa chini. Akanionesha kope. Twiga wake wana kope 5 kila jicho, na ya mwisho imepinda kutoka nje. Kazi alifundishwa na mjomba wake, na mjomba alimwachia kila kitu: namna ya kuchanganya rangi ya machweo, subira ya kuiacha rangi ya chini ikauke usiku kucha kabla ya kumweka mnyama, na mnyama mwenyewe. Twiga si wake, akasema. Twiga ni wa wote hapa, anayemtaka anamchukua. Kope ni zake. Picha zikipangwa pamoja na za wenzake, mkewe akipita anazitambua bila kutafuta sahihi.

Wachoraji hawa husemwa sana kwa kurudiarudia, na aghalabu wanaowasema ni watu wanaopita wamesimama. Nimekaa pale mpaka saa 10 alasiri na sijaona marudio, nimeona watu wakishindania nafasi ndogo sana. Kwenye fomu yake nimeandika habari ya kope. Akasoma, akaniuliza kama wateja watalipa zaidi kwa ajili hiyo.

Jumanne, Mwenge

Kwenye vinyago vya Mwenge mteja huona vibanda vya mbele, vilivyopangwa vizuri, vinang'aa kwa rangi ya viatu. Kazi yenyewe iko nyuma, chini ya mabati, ambako sauti ya tezo haikatiki na vumbi la mpingo linakaa kwenye nyusi. Vumbi hilo ni baya. Linawasha koo, na wengi wanafanya kazi bila kitambaa cha mdomo.

Nilikuja kuona nguzo za watu, zile za mwanadamu juu ya mwanadamu, zote zimetoka kwenye gogo moja bila kiungo. Muuzaji wa mbele akaniambia ni mti wa familia: babu, watoto, wajukuu. Anawaambia hivyo wageni wote, na si uongo mkubwa. Ila mtindo huu una historia ya kuchekesha kidogo. Unahusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyechonga mshindi wa mieleka akiwa amebebwa juu na wenzake, na kazi hiyo ikaitwa dimoongo. Hiyo ni miaka ya 1950 kuelekea mwisho wake. Azimio la Arusha lilipokuja mwaka 1967, watu wale waliobebana wakafaa kwa siasa ya wakati huo, nguzo zikaitwa ujamaa, na jina likakaa. Sasa siasa imepoa na mshindi wa mieleka amekuwa babu wa ukoo. Gogo halijui lolote kati ya hayo.

Mchongaji wa nyuma, mtu wa makamo mwenye kidole gumba kilichopinda, hakutaka kuingia kwenye mambo ya majina. Alikuwa na nguzo ya urefu wa kiunoni, karibu kumaliza, akipitisha tupa nyembamba katikati ya miguu ya watu. Nikamwuliza lile swali langu la jana. Akafikiri, akafuta jasho, kisha akaniambia niwashe tochi ya simu.

Akanielekeza niimulike kati ya bega la mwanamke mmoja na goti la mtoto. Ndani kabisa, nyuma ya msitu wa mikono, kulikuwa na uso. Mdogo, kama wa kidole, macho yamefumba. Ukiwa umesimama huuoni. Ukiinunua nguzo ile ukaiweka sebuleni unaweza kuzeeka nayo usijue kuwa yupo.

"Muuzaji anajua?" nikamwuliza.

"Akijua atapandisha bei. Hajui."

Mwanzo wake haukuwa na falsafa. Mpingo mara nyingi una ufa au uozo moyoni, na fundi hajui mpaka ameshaingia. Miaka mingi iliyopita aligonga sehemu mbovu katikati ya kazi ya mteja, akalazimika kuitoa, na katika kuitoa kikabaki kinundu kizima cha mti mweusi kikiwa kimening'inia ndani. Kukikata ilikuwa rahisi. Akakipa uso. Kazi iliyofuata gogo lilikuwa zima, halina ubovu wowote, na akajikuta amemwachia mtu wa ndani nafasi yake. Mdogo wake, ambaye naye anachonga, alimwuliza siku moja huyo ni nani. Akamjibu, "Mwulize mwenyewe."

Nilitaka nimbane zaidi. Sikumbana. Uso ule unamgharimu karibu siku nzima kwa kila nguzo, kwa tupa iliyosagwa mpaka ikawa kama sindano, na hakuna shilingi inayorudi kwa ajili yake. Mtu huyohuyo alinieleza dakika 10 kabla kwamba anachonga kwa sababu ya ada za shule, na namwamini kwa yote mawili. Tuna tabia ya kuona haya msanii anapotaja pesa, kana kwamba ameharibu mazungumzo. Pesa inaeleza kwa nini yuko pale asubuhi. Uso ule wa ndani hauwezi kuuelezea.

Jumatano, Mikocheni

Nafasi Art Space ilianzishwa mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo la Mikocheni, na karakana zake nyingi ni makontena ya meli. Hapa kisanduku cha maana hakiachwi kitupu kamwe. Hapa kinafurika.

Msanii niliyemfuata ni msichana anayechora sura za watu kwa mkaa juu ya mifuko ya saruji. Fomu yake ilisema kwamba kazi inahoji utambulisho, inadodosa kumbukumbu ya mji na kuchokoza dhana ya ujenzi wa taifa. Nikamsomea kwa sauti. Akaziba uso kwa mikono. Maelezo yale aliyaandika kwa ajili ya kuomba ufadhili, tena kabla ya kuchora hata sura moja, kwa kuwa mfadhili alitaka maana kwanza na kazi baadaye. Ndivyo ilivyo siku hizi: ukisoma maombi ya wasanii vijana utadhani wote walilelewa na profesa mmoja.

Lakini mifuko je? Mama yake alikuwa mama ntilie kwenye maeneo ya ujenzi. Yeye akirudi shule alikaa pale mpaka jioni, na karatasi iliyokuwepo ni ya mifuko. Bure, nyingi, ngumu. Sasa anaweza kununua kanvasi, na alishanunua, ikakaa. Akanipa mkaa na kipande cha mfuko nijaribu. Karatasi ile ina mikwaruzo na mikunjo, na saruji haiishi yote hata ukikung'uta vipi, kwa hiyo mkaa unakamata, unaruka, unakamata tena. Mstari hauendi ulikokusudia. Kanvasi, akasema, inakubali kila kitu. "Mfuko unanibishia. Mimi nikikosa mtu wa kubishana naye nachora vibaya."

Ukutani alikuwa na sura ya mzee mmoja mponda kokoto, na mkunjo wa mfuko umepita katikati ya paji la uso, palepale ambapo kunjo la ngozi lingekuwa. Hakuupanga. Aliuona mkunjo kwanza, ndipo akamtafuta mtu.

Nilimwuliza kama niandike hilo badala ya utambulisho na dhana. Akaomba niache yote mawili, mfadhili anaweza kuja kwenye ufunguzi. Sawa.

Alhamisi, njiani kwenda Kilwa

Basi la kusini limeondoka Mbagala alfajiri. Hakuna la kusimulia hadi Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na abiria wazee bado wanasimuliana habari za kivuko na watu waliolala ng'ambo wakisubiri maji.

Nimekuwa nikimfikiria George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 huku kusini, alichonga kama Wamakonde wenzake, na alipokuja Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia Nyumba ya Sanaa, karakana ya wasanii pale mjini, kama mlinzi. Pale akawaona watu wakichora mchana, naye akaanza. Mashetani yake, yale yenye masikio makubwa na matumbo yaliyotoka, yakicheza, yakila, yakigombana kwa rangi kali, yalifika kwenye kumbi za Ulaya na Marekani kabla hajafariki mwaka 2005. Waliyaandikia tafsiri nzito. Mimi huona kwanza mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukesha, na shetani wa Kimakonde ni jirani wa mtu anayekesha. Sina zaidi ya hapo, na barabara hapa ina matuta mengi, siwezi kuandika.

Nimeshuka Nangurukuru. Nimelala.

Ijumaa, msitu wa kijiji, Kilwa

Nilitaka kuuona mpingo ukiwa bado umesimama, kabla haujawa kitu.

Ni mti wa kukatisha tamaa. Mtu akizoea kinyago cheusi kizito anatarajia mti wa kifalme. Mpingo ni mfupi, una miiba, mashina yamejigawa na kujipinda, gome la kijivu linabanduka vipande. Mlinzi wa msitu aliyenipeleka aliukwangua kwa panga kidogo: chini ya gome kuna utando wa mti mweupe kama siagi, na weusi umejificha ndani. Unachukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ukiutupa majini unazama.

Wilaya hii ina historia yake katika jambo hilo. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilikuwa ya kwanza barani Afrika, kwa misitu inayomilikiwa na wanakijiji, kupata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu, na mpingo ndio uliosababisha, kwa kuwa viwanda vya ala za muziki Ulaya vinautaka kwa klarineti na oboe.

Mlinzi hugonga shina kwa kisigino cha panga na kusikiliza. Mti wenye moyo mzima unajibu kwa kifupi. Wenye uozo unavuma. Wanunuzi wa ala, alinieleza, wanataka shina lililonyooka lisilo na doa, na ni machache. Yaliyopinda, yenye vinundu, yenye matundu, matawi, hayo wanayatafuta wachongaji. Hajawahi kufika Mwenge na hajui mashetani ni nini. Nikamwonesha picha kwenye simu: kiumbe cha mguu mmoja, mgongo umepinda kama upinde, tundu mahali pa tumbo. Hakucheka wala kushangaa. Akaichukua simu, akaizungusha, akanyosha kidole kwenye tawi lililokuwa juu yetu. "Hilo hapo."

Kweli lilikuwa hilo hapo. Mguu, mgongo, tundu.

Mtindo wa mashetani unasemekana kuanzishwa na Samaki Likankoa miaka ya 1950, wakati mfanyabiashara Mohamed Peera alipokuwa akinunua kazi za Wamakonde Dar es Salaam na kuwatia moyo wachonge wanachotaka. Yameandikwa mengi kuhusu imani ya mizimu iliyo nyuma ya maumbo yale, na imani ipo, sibishi. Ila baada ya asubuhi ya leo nitasita kumwuliza mchongaji alichokuwa akikiwaza kabla sijamwuliza gogo lake lilikuwaje.

Jumamosi, Mtwara

Basi, joto, na simu mbili za kuuliza fomu ziko wapi. Jioni nimenawa, nimekula, nimelala mapema.

Jumapili, Newala

Kupanda kutoka Mtwara kupitia Tandahimba ni mikorosho kwa mikorosho, kisha ghafla uko juu ya uwanda na upande mmoja ardhi imekatika. Wanapaita Shimo la Mungu. Bonde linashuka kuelekea Ruvuma na ng'ambo ni Msumbiji, uwanda wa Mueda, walikotoka wachongaji wengi waliovuka kutafuta kazi za mkonge huku.

Mzee niliyeelekezwa anachonga mapiko, barakoa za ngoma. Nilimkuta chini ya mwembe na mjukuu wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umetoka mbali?"

"Dar es Salaam, babu."

"Basi kaa kwanza."

Nikakaa. Mjukuu, aliyezoea wageni, akaanza bila kuombwa ile hadithi ya asili: mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke, akaisimamisha nje usiku, asubuhi ikawa mwanamke hai. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mtoni akafa, wa pili bondeni akafa, wa tatu akazaliwa juu kwenye uwanda akaishi. Ndiyo maana Wamakonde wanakaa juu na ndiyo maana wanachonga. Kijana alisimulia vizuri, kwa kituo mahali pake. Babu aliendelea na kazi yake kana kwamba redio ilikuwa imewashwa nyumba ya jirani.

Nilipomgeukia nikamwuliza juu ya barakoa aliyoshika, sura ya mwanamume mwenye chale mashavuni, akaniambia kwa upole kwamba hawezi. Mambo ya lipiko yana watu wake wa kuambiwa, na mwanamke kutoka Dar es Salaam mwenye kalamu si mmoja wao. Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anavyosema duka limefungwa.

Nitakiri tu kwamba jibu lile lilinipendeza kuliko yote ya wiki nzima, ingawa fomu haina pa kuliandika.

Lakini mzee hakutaka niondoke mikono mitupu. Aliingia ndani akatoka na barakoa nyingine, akaziweka mbili juu ya mkeka, moja pembeni ya nyingine. Kwa mbele zilifanana: mti mwepesi, kofia nzima ya kuvaa kichwani, nywele za binadamu zimebandikwa kwa nta, chale, midomo imeachama kidogo. Akaniambia moja ni ya duka na moja ni ya ngoma, nimwambie ipi ni ipi. Nikazitazama. Nikasema sijui.

"Tia mkono ndani."

Ya kwanza ilikuwa na makovu ya tezo, mabonde na vilima, vijiti vya kuchoma vidole. Ya pili ilikuwa laini kabisa. Mkono ulipita bila kukwama popote. Kulikuwa na uvimbe mdogo umeachwa kwa makusudi juu ya kisogo, barakoa isiyumbe, na kingo za mdomo zimekatwa kwa ndani kwa mshazari, kwa sababu mchezaji huona kupitia mdomo. Hiyo ilipimwa kwa uzi kwenye kichwa cha mtu mmoja anayejulikana. Mwingine akiivaa itamwumiza sikio.

Swali lake la kwanza anapoletewa kazi, kumbe, si itafanana na nani. Anauliza itachezwa na nani. Yule ataruka, atainama, atatoka jasho, atazungukwa na vumbi na ngoma mpaka usiku, na barakoa isipokaa sawa ngoma nzima inaharibika. Sura ya nje inaamuliwa na wengi: mila, wakubwa, utani wa kijiji. Ndani pameamuliwa na yeye na kichwa cha mwenzake. Hakuna mtazamaji atakayepaona.

Niliuliza kama wanunuzi wa dukani hulalamika juu ya ile yenye makovu. Mjukuu akacheka. Wanaitundika ukutani, dada, nani atatia kichwa?

Nikamfikiria yule wa Mwenge na mtu wake wa ndani. Hawajuani hawa wawili, na mzee hajafika Dar es Salaam tangu zamani. Sikumweleza. Nilikuwa nimeshika ile ya ngoma kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa, naye akanyosha mkono aichukue.

Jumatatu, Masasi

Nimepita tu, nikisubiri gari la Tunduru. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka sehemu hizi, Masasi na Newala, akiandika habari za watu, na kati ya vitu vilivyomvutia ni michoro: picha kwenye kuta za nyumba za udongo, na zile alizochorewa na wapagazi wake alipowapa penseli na karatasi. Hiyo ni miaka 60 na ushei kabla ya hadibodi ya kwanza ya Tingatinga. Wapo wanaosema mtindo wa Oysterbay una nasaba na kuta hizi, wapo wanaosema ulizaliwa sokoni kwa ajili ya soko. Mimi naona mtu anaweza kutoka kwao na ukuta kichwani na bado akachora kwa kuwa kuna mteja.

Gari limekuja saa 9. Limejaa.

Jumanne, Nakapanya

Lami ya Mangaka kwenda Tunduru imefanya safari iliyokuwa ya siku kuwa ya saa kadhaa. Edward Tingatinga alizaliwa maeneo haya mwaka 1932. Sikuja kutafuta kaburi wala kibao. Nilitaka kuona kuta.

Nyingi ni za matofali ya kuchoma sasa, na matofali hayachorwi. Lakini nje kidogo ya barabara nilimkuta mama mmoja akikandika nyumba yake baada ya mvua kuibandua, na upande uliokwisha kauka alikuwa ameanza kuchora. Alikuwa na udongo mweupe kwenye sufuria kuukuu, udongo mwekundu kwenye ndoo, na masizi kwenye kifuu. Anachora kwa vidole viwili, na kwa mistari myembamba anatumia ujiti wa ufagio uliotafunwa ncha. Ukanda wa pembetatu umezunguka mlango. Pembeni ya dirisha, peke yake, ndege mkubwa mwenye madoadoa, mdomo wazi, jicho la duara kubwa kuliko kichwa kinavyostahili.

Nikasalimia, akanipa kigoda. Nilimtazama akimwekea ndege madoa kwa ncha ya kidole kidogo, doa moja, kidole kwenye sufuria, doa jingine. Vitone vile nilikuwa nimeviona wiki iliyopita kwenye shingo ya twiga. Nilijizuia. Nikamwuliza tu ni ndege gani.

"Kuku."

"Kuku wako?"

"Wangu?" Akanyosha mkono mweupe kwa udongo kuelekea nyumba ya pili. "Wa pale. Kila nikianika mpunga anakuja. Nimesema, wamesikia. Nimesema tena, wamesikia. Sasa nimewawekea hapa, wakipita kwenda kisimani wamwone."

Nikauliza kwa nini basi hakumchora akidonoa mpunga, ujumbe ukawa wazi zaidi. Akanitazama kama mtu asiyeelewa mambo ya majirani.

"Wanajua anachokula. Mimi nataka wajue kwamba namjua." Akachovya kidole, akarudi kwenye mkia. "Na mkia wake mzuri, siwezi kumkosesha mkia."

Ilipofika jioni mwenye kuku alipita na ndoo kichwani, akasimama mbele ya ukuta. Wakaongea Kiyao, haraka, sikushika kitu. Kisha mwenye kuku akatua ndoo, akasogea karibu, akaonesha mguu wa ndege kwa kidole. Kumbe kuku wake ana kucha iliyokatika mguu wa kushoto. Mama wa nyumba akabisha. Wakaenda wote wawili kumtafuta kuku.